UZI: Tupeane uzoefu wa kumuaga kitasa (beki wa kati) anayetundika daluga (Mwanza na Kanda ya Ziwa)

Mwaloni_Jukwaani (mwanzisha uzi)

Wakuu, mshambuliaji akistaafu kazi ni nyepesi. MC anasoma idadi ya mabao, watu wanapiga makofi, mnakula pilau. Beki hana cha kusomewa. Kazi yake bora kabisa ni ile krosi ambayo haikufika, na hakuna karani aliyeiandika popote. Ndiyo maana vitasa wetu wengi huishia kupewa saa ya ukutani na picha moja na mgeni rasmi, wakati jukwaani kuna watu waliompenda kuliko huyo mfungaji.

Uzi huu ni wa wanaojua kuandaa. Tuache "mimi mwaka fulani nilikuwepo". Weka hatua, vipimo, na kinachoharibika. Mkazo ni viwanja vya Kirumba na Nyamagana, ila mfano wa Ulaya ukisaidia, ruksa.

Karani_wa_Tawi

Anzeni na mashahidi, miezi miwili kabla ya mechi. Ukiuliza mashabiki "mnamkumbukaje?" utapata majibu arobaini yanayofanana: jembe, chuma, ukuta. Hayo hayasomeki mbele za watu. Uliza vitu vidogo: Alisimama kulia au kushoto kwa mwenzake? Aliosha mpira (kuuondosha golini) kwa mguu gani? Alikuwa anapaza sauti akisema nini kona ikipigwa? Mshambuliaji gani alimsumbua? Jibu la swali la mwisho ndilo huwa tamu kuliko yote, maana hapo shabiki anaacha kusifia na kuanza kusimulia mpira.

Pokeeni sauti za WhatsApp zisizozidi dakika mbili. Msemaji ataje kwanza mechi, uwanja na mwaka. Kisha gawa mafungu matatu: yenye ushahidi wa gazeti au video, yanayosemwa na watu watatu wasiojuana, na ya mtu mmoja tu. MC apewe mafungu mawili ya kwanza, la tatu libaki la kijiweni.

Kuweni makini na kuchanganya mechi. Mfano timu ya Mbao 2017: nusu fainali ya Kombe la FA na Yanga ilikuwa hapa Kirumba, fainali na Simba ikawa Dodoma. Mpira uliookolewa kwenye mechi moja ni rahisi kuhamia nyingine baada ya miaka michache. Na kwa kizazi cha timu ya Pamba waliobeba ubingwa 1990, aliyekuwa kijana wa miaka 20 wakati huo sasa yuko hamsini na kitu. Msisubiri wazee hao watume sauti. Mfuateni mtu nyumbani kwake na simu yenye chaji.

Kideo_Mabatini

Nyongeza kwa wenye video. Wakataji wengi huanza kipande pale beki anapokwatua (anapopokonya mpira). Makosa. Anza sekunde tano au sita kabla, ili mtazamaji aone alivyoondoka mapema. Ziba mpira kwa kidole gumba kwenye skrini, mtazame yeye peke yake: kichwa kinageuka nyuma ya bega mara mbili kabla krosi haijapigwa, mwili umekaa upande badala ya kuelekea mpira moja kwa moja, mkono mmoja unaugusa mgongo wa mshambuliaji bila kuushika, mwingine unawasukuma wenzake wapande juu. Halafu mpira unakuja na yeye yuko pale kama aliyetumwa. Kipande kisizidi sekunde 15. Vipande sita vinatosha, vikizidi watu wanarudi kwenye simu zao.

Filimbi_Moja

Nizungumzie sheria, maana hapa ndipo sherehe nyingi huvurugika.

Mechi ya kirafiki si ya mtaani tu. Andikieni chama cha soka cha mkoa (MZFA) barua mapema, ombeni waamuzi wenye sifa, na nakala iende polisi. Idadi ya wachezaji wa akiba watakaoingia mkubaliane timu zote mbili na mwamuzi aambiwe kabla ya mechi. Msipokubaliana, au asipoambiwa, kila timu ina mabadiliko sita tu. Nahodha mstaafu analetewa kundi la marafiki kumi na wanane, wote wanataka dakika tano, halafu mwamuzi anainua mikono. Hana kosa.

La pili: mchezaji anayetolewa siku hizi anatokea kwenye mstari ulio karibu naye, isipokuwa mwamuzi aelekeze vinginevyo. Kwa hiyo kama mnataka apite katikati ya gwaride la wenzake hadi benchi, mwambieni mwamuzi chumbani kabla ya mechi. Vinginevyo beki aliyekuwa upande wa pili atatokea kwenye kibendera cha kona, peke yake, na gwaride limepangwa mbele ya jukwaa kuu.

La tatu, dakika ya kumtoa. Watu wanapenda dakika ilingane na namba ya jezi. John Terry alifanyiwa hivyo Stamford Bridge Mei 2017: namba 26, dakika ya 26, Sunderland wakautoa mpira nje kwa makubaliano, wachezaji wa Chelsea wakapanga mistari miwili. Ilipendeza, lakini kuna watu walikuwa wamebetia dakika hiyohiyo, zogo likafika hadi FA, chama cha soka cha England. Kama ni mechi ya ligi, msithubutu kupanga. Kwenye ya kirafiki hakuna shida, ila kitasa wetu mara nyingi ni namba 4 au 5, na dakika ya tano nusu ya watu bado wako getini wanabishana na mkata tiketi. Mtoeni kati ya dakika ya 20 na 30, au aanze kipindi cha pili.

Kitasa_Mstaafu_Nyegezi

Mkuu Filimbi kasema vyema. Mimi naongelea mpira wenyewe.

Tafadhali msimpe beki penalti apige. Kila mwaka naona hili jambo: mpira unawekwa, kipa anajirusha upande mwingine makusudi, beki anafunga, watu wanacheka. Miaka kumi na tano kazuia mabao, mnamuaga kwa kazi ya mwingine! Shabiki anataka kuona kitu kimoja: krosi imekuja, kitasa karuka, kichwa, mpira umetoka nje ya boksi. Hicho kinaweza kupatikana bila kuigiza, mkipanga wapinzani vizuri. Mbele wawekeni mshambuliaji wa rika lake, ikiwezekana yule mtani wake wa zamani, na winga wenye krosi za kweli. Mkimwekea kijana wa miaka 19 mwenye mbio, dakika ya tatu atampitia kama amesimama, na uwanja mzima utanyamaza. Ukimya ule ni mbaya kuliko kuzomewa.

Pembeni yake awe yule yule aliyecheza naye miaka mingi. Vitasa ni wawili. Mmoja akiondoka kufuata mpira mwingine anaziba, na mashabiki wa zamani watautambua mwendo huo hata kama miguu imezeeka. Ongezeni kiungo mkabaji mwenye pumzi mbele yao.

Dakika 30 kila kipindi zinatosha kwa wastaafu, na kupasha misuli dakika 20, si tano. Nyamagana ina nyasi bandia: saa nane mchana uwanja unachemka hadi unausikia kwenye nyayo, kwa hiyo anzeni saa 10 jioni, na njumu ziwe za meno mafupi na mengi. Meno marefu sita yananasa, mguu unabaki, goti linageuka. Kirumba kwenye nyasi halisi hilo ni afadhali, ila mvua ikinyesha asubuhi badilisheni njumu. Barafu mbili, bandeji na mtu wa huduma ya kwanza wawe kwenye benchi, wasiwe kwenye gari lililoegeshwa nje.

Sindano_ya_Nyavu

Naona mabango hayajaguswa.

Bango la shuka mita 12 kwa 2 ni tanga. Jioni upepo wa ziwa unaingia nchi kavu, na mnaolishika mtaburutwa, au litapasuka pale mshono wa katikati ulipo. Watu hukata matundu ya nusu mwezi kupunguza upepo, yanasaidia kidogo, lakini yanakata herufi pia.

Dawa ipo mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki: nyavu kuukuu ya sangara. Upepo unapita kwenye macho yake, herufi peke yake ndizo za kitambaa. Hatua ni hizi. Ifueni kwa sabuni ya unga na kuianika siku mbili, vinginevyo jukwaa zima litajua ilikotoka. Kateni maboya. Risasi (vile vizito vya kuzamisha) za kamba ya chini toeni zote, hata moja isibaki, kwa sababu askari wa getini akishika kitu kizito bango linabaki nje na ana haki. Kisha msishone kwanza! Macho ya nyavu ni kama almasi: ukivuta kwa upana yanapungua urefu. Ukishona herufi nyavu ikiwa imelala ovyo, siku ya kuinua itajikunja na jina litasomeka kama mtu kaliandika ndani ya daladala. Fungeni kwanza fremu ya kamba ya nailoni mita 12 kwa 2, ikazeni kwa vigingi uwanjani, nyavu iungwe kwenye kamba kila baada ya sentimita 20. Ikiwa imekaza ndipo mnapanga herufi.

Herufi: kitambaa cha marekani kilichofuliwa kabla, maana kinapungua. Kimo sentimita 70 au 80, unene wa mstari sentimita 12 hadi 15. Chini ya hapo jukwaa la pili wanaona matope. Rangi ya maji ikizidi maji inavuja pembeni, ikiwa nzito inapasuka ukikunja, kwa hiyo pakeni tabaka mbili nyembamba na kuacha usiku mzima. Shoneni kingo zote pamoja na mstari mmoja katikati kwa sindano ya nyavu. Fundi mmoja wa mwaloni anamaliza herufi tatu kwa saa bila haraka.

Maneno yawe machache. Jina la utani na namba. Msiandike "ASANTE KWA UTUMISHI WAKO ULIOTUKUKA", hiyo ni ya ofisi ya kijiji.

Binti_Igoma

Dada nipo. Kwenye hela wengi mnaficha.

Watu 60 wa tawi la mashabiki wakichanga 10,000 ni 600,000. Fungua lipa namba kwa jina la kikundi, isiwe simu ya mweka hazina, na watu wawili waone salio. Kila Ijumaa bandika orodha ya waliotoa kwenye kundi. Orodha ikikosekana wiki moja tu, michango inasimama, na hamtajua kwa nini.

Ahadi za kwenye kipaza sauti msizihesabu. Mtu anasimama, "natoa milioni moja!", shangwe, tarumbeta, halafu simu yake haipatikani hadi Krismasi. Anayetaka kutajwa alipe kabla ya saa sita mchana siku ya mechi. Ile hundi kubwa ya bango nayo, kiasi kilichoandikwa kiwe tayari kipo kwenye akaunti.

Zawadi muulizeni mkewe, msimuulize yeye. Beki atasema "chochote ndugu zangu". Magoti yake yamepigwa miaka yote hiyo, bima ya afya ya mwaka kwa familia ina maana kuliko sofa.

Mzunguko_Kimya

Kuna kitu hakuna anayetaka kukisema: si wote wanampenda. Paolo Maldini alicheza Milan mechi 902, na siku yake ya mwisho San Siro, Mei 2009 dhidi ya Roma, sehemu ya Curva Sud, jukwaa la mashabiki sugu wa Milan, walimzomea. Wakainua jezi kubwa ya namba 6 ya Baresi, beki na nahodha aliyemtangulia, kumwambia nahodha ni mmoja tu. Fikiria, wamemtukana beki kwa kutumia beki.

Kwetu kinyongo huwa kwenye mambo mawili: alijifunga mechi ya watani, au aliwahi kwenda timu pinzani akarudi. Wiki mbili kabla, viongozi wa tawi wakae na wale wenye kinyongo na kuwapa kazi: wabebe bango, wapige ngoma. Aliyeshika kamba ya bango hawezi kuzomea, mikono yote imejaa. Na lile bao la kujifunga MC alitaje mwenyewe kwa utani mapema. Likitajwa na kipaza sauti, jukwaa halina cha kufichua.

Karani_wa_Tawi

Kustaafisha jezi, yaani kuifunga namba asiivae mwingine, mnasemaje? Milan walifunga namba 6 ya Baresi, na 3 ya Maldini wakaacha mlango kwa wanawe. Inter wakafunga namba 4 ya Zanetti 2014.

Kitasa_Mstaafu_Nyegezi

Timu kubwa hizo. Timu ya mkoa ikifunga namba 5, msimu ujao meneja mpya atampa mtu bila kujua, na mtakuwa mmemdhalilisha mstaafu mara mbili. Afadhali aivue uwanjani na kumkabidhi kijana anayemrithi, mbele ya watu. Kijana atabeba mzigo, sawa, ndiyo kazi.

Mwaloni_Jukwaani

Tarehe je? Na wale wa ng'ambo ya ziwa?

Filimbi_Moja

Juni hadi Agosti, mvua ni chache, ila chagueni wiki ambayo ligi imesimama. Wa Sengerema na Geita tangu daraja la Kigongo-Busisi lifunguliwe Juni 2025 hawategemei tena kivuko kurudi usiku, kwa hiyo filimbi ya mwisho saa 12 jioni haiwatishi. Wa Ukerewe bado ni meli, waulizeni ratiba kabla hamjachapa tiketi.

Sindano_ya_Nyavu

Baada ya mechi nyavu msiikunje ikiwa na unyevu, itaota ukungu mweusi kwenye herufi. Ianikeni kivulini, iviringisheni kwenye mwanzi, msiikunje kama shuka. Anayehitaji kipande cha mita 12 kilichokwisha fuliwa aulize kwa mafundi wa nyavu Kirumba mwaloni asubuhi kabla ya saa tatu. Wakishaanza kazi ya mitumbwi hawakusikilizi.