Hilux imefungwa difu used, sasa inabana nikiweka 4WD. Nitajuaje reshio yake?

Mkulima wa Ilula
Habarini wakuu, naombeni msaada maana nimechanganyikiwa. Nina Hilux LN106 ya injini ya 3L, ile yenye ekseli ngumu mbele na nyuma. Mwezi uliopita difu ya nyuma (boksi la gia katikati ya ekseli) ilianza kuunguruma, ikifika 60 huwezi kuongea na mtu ndani, tukafungua tukakuta bering ya pinioni (gia ndogo inayoingiza nguvu) imekufa na meno ya krauni (gia kubwa inayozungushwa na pinioni) yameliwa. Fundi akasema usihangaike na hiyo, nunua difu nzima used. Tukaagiza Dar, ikaja imeandikwa LSD (difu inayozuia tairi moja kuzunguka bure) kwa chaki na muuzaji akasema ni ya Hilux hiyohiyo, unafunga unaondoka. Kweli imekaa kwenye nati zote bila shida na mlio hauna kabisa.

Sasa shida ni hizi. Mlima wa Kitonga na gunia 8 za mahindi nilikuwa napandisha na gia ya 3, siku hizi inataka ya 2. Mshale wa spidi ukisoma 80 simu kwa GPS inasema 89, zamani vilikuwa vinaenda karibu sawa. Halafu juzi mvua ilinyesha shambani nikaweka H4 (4WD ya spidi ya kawaida), nikatoka kwenye tope vizuri tu, ila nilipofika barabara kavu gari ikaanza kubana kama handibreki imeshika na lever ya 4WD ikagoma kutoka mpaka niliporudi rivasi kidogo. Fundi anasema ni transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) ifunguliwe. Mimi moyo wangu unaniambia ni difu. Naijuaje reshio (raundi za propela shafti, ile inayoleta nguvu kwenye difu, kwa raundi moja ya tairi) bila kuishusha, na najuaje kama kweli ni LSD?

Fundi Makambako
Mkuu kwanza usifungue transfa, na usiweke tena 4WD kwenye barabara kavu hata hatua mbili mpaka hili liishe. Nina swali moja, ilibana ukiwa unakata kona au hata ukiwa umenyoosha?

Mkulima wa Ilula
Hata nikiwa nimenyoosha kaka.

Fundi Makambako
Basi difu. Kubana kidogo ukikata kona kwenye lami ni kawaida ya gari zenye transfa ya namna hii kwa sababu haina difu ya katikati, ila kubana umenyoosha usukani na tairi zote nne saizi moja hiyo ni reshio ya mbele na nyuma hazilingani.

Kuihesabu ni rahisi na haitaki kufungua kitu. Egesha pasawa, tairi za mbele weka magogo mbele na nyuma yake, sio mawe madogo, maana utatoa gia uweke nyutro na handibreki utaachia, kwa hiyo hamna kingine kinachoshikilia gari. Piga jeki tairi moja tu ya nyuma, weka stendi. Chora alama ya chaki kwenye tairi na nyingine kwenye flenji ya propela shafti pale inapoingia kwenye difu, mtu mmoja azungushe tairi mwingine alale chini ahesabu propela. Hapa ndipo wengi wanakosea: tairi moja ikiwa chini imetulia, difu ya kawaida inaigawa hesabu nusu, yaani raundi 1 ya tairi inakupa nusu tu ya reshio. Kwa hiyo zungusha tairi raundi 20 kisha gawanya raundi za propela kwa 10. Ukizungusha raundi 2 tu utapata "nne na kitu" na hiyo kitu ndio unayoitafuta, 4.1 na 4.3 kwa macho huwezi kuzitofautisha.

Tairi ikigoma kuzunguka na nyingine iko chini, usilazimishe, huenda ni LSD kweli. Hapo unainua tairi zote mbili za nyuma, unazungusha moja na nyingine ikifuata upande uleule basi hesabu haigawanywi nusu, raundi 10 za tairi gawanya kwa 10. Na kamwe usiwashe injini ukaingiza gia na tairi moja juu ukidhani haiendi popote, difu ya LSD itasukuma ile iliyo chini na gari itashuka kwenye jeki.

Ya mbele vilevile, funga frihabu zote mbili (vile vifungo vya kuunganisha tairi za mbele na ekseli), transfa ibaki H2 (nguvu nyuma tu), inua tairi moja ya mbele, magogo hamishia nyuma, handibreki vuta, hesabu propela ya mbele.

Dada wa Spea
Nakazia hapo kwa fundi. Mkuu, kwenye kibati kilichopigwa ndani ya boneti kuna mstari wa TRANS/AXLE, nusu ya pili ni msimbo wa difu iliyotoka nayo kiwandani, herufi na namba zake zinabeba saizi ya krauni, reshio na aina ya difu. Nao hausemi lolote kuhusu hiyo uliyofunga juzi, ila unakuambia unatakiwa kurudi wapi. Mimi nauza spea na nasema wazi, difu kuingia kwenye nati haina maana yoyote, ganda ni lilelile na ndani meno ni tofauti. Na chaki kila mtu anayo.

Pia mshale wako umeshakujibu. Spidi inasomwa kutoka kwenye transfa, sio kwenye tairi. 89 gawanya kwa 80 ni 1.11. Kama sasa una 4.1 zidisha hapo unapata 4.56 hivi, na krauni ya meno 41 kwa pinioni ya meno 9 ni 4.556. Naweka pesa hapo.

Pajero Mbeya
Si aweke tu 4.1 na mbele yaishe? Gari itatulia highway na mafuta atakula kidogo.

Fundi Makambako
Kwa mtu wa lami tupu sawa, ila huyu anabeba gunia anapanda Kitonga na injini haina turbo, atachoma klachi bure. Halafu mshale wa spidi utaendelea kudanganya, anaona 80 kumbe yuko 89, siku ya tochi ataelezea nini.

Mkulima wa Ilula
Wakuu nimerudi. Tumehesabu leo asubuhi na kijana wangu, mara mbili mbili. Nyuma raundi 20 za tairi propela imetoa 41 kamili, alama imerudi palepale. Mbele 45 na nusu na kidogo. Yaani nyuma 4.1, mbele 4.55. Na nilipoinua tairi zote mbili za nyuma nikazungusha ya kushoto, ya kulia ikazunguka kinyume, laini kabisa.

Fundi Makambako
Hongera, umemaliza. Ona sasa: tairi yako ni kama mita 2.2 kwa raundi, kila mita 10 ukiwa na H4 propela mbili zinadaiana raundi 2 nzima. Kwenye tope tairi zinateleza deni linalipika, kwenye barabara kavu linaishia kwenye krosi na cheni au gia za transfa. Ndio maana rivasi ililegeza lever.

Kuzunguka kinyume maana yake ni difu ya kawaida, au ni LSD ambayo pleti zake zimeisha kabisa. Ikishuka chungulia kwenye dirisha la keji (ganda linalobeba vigia vya ndani), ukiona vigia vidogo wazi vya kukingama, ujue ni ya kawaida. Kwa vyovyote haikufanyii kazi ya LSD.

Mkulima wa Ilula
Nimempigia muuzaji, amekubali kubadilisha ila usafiri juu yangu. Jumamosi nashuka nayo Dar mwenyewe.

Dada wa Spea
Beba chaki na tambara la kufutia oili. Weka alama jino moja la krauni, hesabu mpaka urudi, 41. Kisha pinioni, 9. Ukihesabia kwa kuzungusha flenji, raundi 41 za flenji krauni inatakiwa imalize raundi 9 alama irudi ulipoanzia. Usitoe hela kabla, na angalia pia meno yaking'aa katikati, sio pembeni.