Kumtembelea mzee asiye na mtu: nianzie wapi?

Mkazi wa Ntinda anauliza:

Ndugu zangu, salaam. Nilipokuwa nikimwuguza mama mkubwa katika hospitali moja ya serikali hapa Kampala, kitanda cha jirani alilazwa mzee aliyetoka upande wa Arua, kaskazini-magharibi mwa Uganda, naye hakuwa na mwangalizi. Mnajua maana yake katika wodi zetu: mwangalizi ndiye anayeleta shuka na beseni, anayepika au kununua chakula, anayefua, na anayetumwa duka la dawa pale dawa inapokosekana hospitalini, kwa hiyo mgonjwa asiye naye hutegemea huruma ya waangalizi wa wenzake. Mama mkubwa amepona na tumerudi nyumbani, lakini sijatulia. Ningependa kuwatembelea wazee wa namna hiyo kila juma, hospitalini au katika makao ya wazee. Je, mtu asiye ndugu aingie kwa njia gani bila kuonekana mdukuzi? Aende na nini mkononi? Na azungumze nini na mtu asiyemjua?

Muuguzi mstaafu:

Dada, anza kwa muuguzi msimamizi wa wodi, wala si kwa mgonjwa. Mweleze wewe ni nani na utakuja siku gani, kisha umwulize ni nani asiyepata wageni, kwa sababu yeye anawajua wote. Halafu mwombe mzee mwenyewe ruhusa, na akikataa siku hiyo, msalimie na uondoke bila kinyongo. Mtu aliyelazwa amekwisha kunyang'anywa uamuzi wa mambo mengi, na huu mmoja uachwe mikononi mwake.

Usimlishe mtu kabla ya kuuliza. Mzee aliyepatwa na kiharusi huenda hawezi kumeza vizuri, na uji au chai inaweza kuingia katika njia ya hewa na kumletea homa ya mapafu. Mwenye kisukari naye hatafaidika na soda uliyomletea kwa mapenzi. Nawa mikono unapoingia na unapotoka, na ukiwa na mafua baki nyumbani. Keti, usisimame juu yake, na ukae mahali penye mwanga ili auone uso wako, maana wengi masikio yamepungua nguvu na hufuata midomo. Sema polepole, bila kupiga kelele. Ukimkuta mzee ambaye jana alikuwa na akili timamu na leo anachanganya mambo, usidhani ni uzee tu: mwite muuguzi mara moja, kwani mara nyingi hiyo ni dalili ya maambukizi, upungufu wa maji mwilini au dawa isiyomfaa. Mgeni anayekuja kila juma huweza kuyaona mabadiliko hayo mapema kuliko muuguzi mwenye wodi iliyojaa.

Mzaliwa wa Bombo:

Kuhusu makao ya wazee, hapo Kampala ipo nyumba ya Nalukolongo, iliyoanzishwa na Kardinali Emmanuel Nsubuga mwaka 1978 na kutunzwa na Masista wa Msamaria Mwema, ambayo Papa Fransisko aliitembelea tarehe 28 Novemba 2015. Wasiliana na masista kwanza, na uwaulize wanachohitaji kabla ya kununua chochote.

Nakusihi usichague Krismasi wala tarehe 1 Oktoba, Siku ya Kimataifa ya Wazee, kuwa siku yako ya kwanza. Siku hizo wageni huwa wengi, wenye magunia ya sukari na kamera, nao wakishaondoka huja majuma marefu ya ukimya. Nenda Jumanne ya kawaida, kisha urudi Jumanne inayofuata kama ulivyoahidi. Simu ya kupigia picha iache mfukoni.

Mazungumzo hayatakushinda. Mwulize kazi aliyoifanya, kwa sababu maradhi yake ameshaulizwa mno. Huku kwetu Bombo wazee wengi walikuwa askari, wengine wana wa askari wa King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni, na Kiswahili ndicho walichokulia kambini; wakiwa wodini kati ya watu wanaozungumza Kiganda peke yake, hunyamaza kutwa nzima, na mtu huweza kuwadhania wamepotewa na akili. Huyo mzee wa Arua huenda salamu yako ya Kiswahili ingemfaa kuliko chakula.

Mkazi wa Ntinda:

Nawashukuru nyote. Na wale wanaoishi peke yao vijijini, mbali na hospitali?

Mwalimu, Arua:

Hao ndio wengi, na kwao unahitaji uangalifu zaidi. Mgeni anayemzoea bibi mjane mwenye kibanja, yaani kipande chake cha ardhi, hushukiwa haraka kwamba anakitaka, na mimi siwalaumu wanaoshuku, kwa kuwa wajane wengi wamedhulumiwa ardhi. Mwone kwanza mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, uwajue majirani, nenda na mwenzako, wala usiguse karatasi za ardhi au fedha za mzee hata akikuomba.

Siafikiani sana na wanaodhani maneno matamu yanatosha. Sabuni, chumvi na dumu la maji lililojazwa ni mazungumzo pia. Kisha uliza kama anapokea fedha za SAGE, mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee, yaani shilingi 25,000 kwa mwezi kwa waliotimiza miaka 80. Wapo wanaozikosa kwa sababu kitambulisho cha taifa kimeandikwa umri usio wao, na kuna wasioweza kutembea hadi mahali pa malipo. Mtu wa kufuatana naye kwa ofisa wa maendeleo ya jamii, akasubiri naye foleni na kurudi naye, ni msaada ambao hakuna gunia la sukari linaloufikia.

Na ikitokea unahama au unasafiri, mwambie mzee mapema, na uende naye huyo atakayeshika nafasi yako ili wajuane ukiwapo.