Rabi Mkuu kwenye kutawazwa kwa Mfalme Charles siku ya Sabato: Wayahudi washika dini walilionaje?

Mzee Nehemia, Musoma

Ndugu wanajukwaa, salamu kwenu nyote. Swali langu linahusu Jumamosi ya tarehe 6 Mei 2023, siku ambayo Mfalme Charles III alivikwa taji katika kanisa la Westminster Abbey, London. Mwishoni mwa ibada, Mfalme alipokuwa akielekea mlangoni, wawakilishi wa dini nyingine, yaani Myahudi, Mhindu, Kalasinga, Mwislamu na Mbudha, walimsalimia kwa pamoja, lakini sisi tuliokuwa mbele ya televisheni hatukusikia vizuri maneno yao kwa sababu hapakuwa na kipaza sauti. Ilielezwa kwamba ilifanywa hivyo kwa heshima ya Rabi Mkuu wa Uingereza, Ephraim Mirvis, ambaye kwake siku ile ilikuwa Sabato.

Mimi ni Msabato na mzee wa kanisa, kwa hiyo jambo lile halijanitoka akilini. Ningependa kujua kama Wayahudi wanaoishika Sabato kwa ukamilifu walimwona Rabi wao amefanya vyema kwenda, au walimwona amelegea mbele ya wakubwa. Na kama kipaza sauti ni mwiko, je, kuingia kanisani na kukaa katikati ya ibada ya Kikristo si mwiko mkubwa zaidi?

Nauliza pia kwa sababu yangu binafsi. Desemba hii ukoo wetu unamsimika mkuu wake mpya kwa taratibu za wazee na matambiko yao, na siku iliyopangwa ni Jumamosi. Nimejibu kwamba siji kwa sababu ya Sabato, na mjomba wangu amekata mawasiliano nami.

Mama Saumu, London

Mzee wangu Nehemia, shikamoo. Mimi ni mwenyeji wa Mombasa, lakini kwa miaka mingi sasa nafanya kazi ya kuwahudumia wazee katika mitaa ya kaskazini-magharibi ya London wanakoishi Wayahudi wengi washika dini. Sitajitia kuwa mwanachuoni, nitaeleza niliyoyaona.

Bibi niliyekuwa nikimhudumia wakati ule alikuwa amekwisha kupita miaka tisini. Malkia Elizabeth alipotawazwa tarehe 2 Juni 1953 ilikuwa Jumanne, na bibi alinisimulia mara nyingi jinsi walivyojazana sebuleni kwa jirani aliyekuwa na televisheni. Alipotajiwa kwamba safari hii itakuwa Jumamosi, hakukasirika wala kulalamika. Alisema tu kwamba ataitazama usiku, kama mtu anayesema kwamba chakula kitachelewa kidogo.

Ijumaa ile jua lilizama London yapata saa mbili na nusu usiku. Kabla ya hapo mishumaa ilikuwa imewashwa, chakula cha kesho yake kimewekwa juu ya sahani ya umeme inayokaa na moto mdogo tangu Ijumaa, na taa zimefungwa saa maalumu ya kuziwasha na kuzizima zenyewe. Televisheni haikuwekewa saa hiyo. Nilimwambia, kwa ujinga wangu wa wakati ule, kwamba mimi si Myahudi na ninaweza kuiwasha bila yeye kunituma. Alicheka, akaniambia kwamba Myahudi haruhusiwi kufaidi kazi aliyofanyiwa siku ya Sabato kwa ajili yake, na kwamba, hata kama ingeruhusiwa, nyumba inayonguruma televisheni haifanani na Sabato. Sentensi ile ya pili ndiyo iliyonikaa.

Asubuhi wanawe walimpeleka sinagogi kwa miguu. Mjue kwamba sala ya kumwombea mfalme husomwa humo kila Sabato, haikuanza kwa ajili ya sherehe ile. Tangu Septemba 2022 jina la Malkia lilikuwa limekwisha kubadilishwa na kuwa la Charles. Kwa hiyo waliokuwa sinagogini walikuwa wakimwombea Mfalme asubuhi ileile aliyokuwa akipakwa mafuta. Bibi aliliona hilo kuwa ndilo fungu lake katika sherehe, na sikumsikia hata mara moja akisema kwamba amepitwa na kitu. Nyota zilipoonekana, saa nne kasoro usiku, na Sabato ilipoagwa kwa divai, manukato na mshumaa, akaniomba chai na televisheni. Tulikesha hadi saa saba.

Kuhusu Rabi Mkuu, watu wa sinagogi lile walimsifu, na waliusifu zaidi upande wa Mfalme. Sababu ni kwamba Mfalme alimwalika Rabi na mkewe walale Clarence House, makazi yake ya London, usiku wa Ijumaa, ili asubuhi waweze kwenda Abbey kwa miguu bila kupanda gari, kwani ni mwendo wa robo saa hivi. Wakakumbushana pia kwamba mwezi Septemba 2022, siku chache baada ya kifo cha Malkia, Mfalme aliwakaribisha viongozi wa dini siku ya Ijumaa, na saa ya mapokezi ikarudishwa nyuma ili Rabi awahi kufika nyumbani kabla jua halijazama. Lakini msidhani kila mtu alikuwa na shauku. Wahasidi, yaani Wayahudi wenye msimamo mkali wa dini, wa mtaa wa Stamford Hill, ambao wengi wao hawana kabisa televisheni nyumbani, siku ile kwao ilikuwa Sabato kama Sabato nyingine.

Ustadh Hamadi, Unguja

Mzee Nehemia, nakupongeza kwa swali lako la pili, kwa kuwa ndilo lenye uzito. Nafundisha masomo ya dini linganishi, na nimeona kwamba habari nyingi za wakati ule zilizungumzia kipaza sauti, ilhali kwa mujibu wa sheria ya Kiyahudi kipaza sauti ndicho kilichokuwa chepesi kutatua.

Nianze na hicho chepesi. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za marabi, inaorodhesha aina 39 za kazi zilizokatazwa siku ya Sabato, miongoni mwake kuwasha moto na kubeba kitu njiani. Marabi wa Kiorthodoksi, yaani Wayahudi wanaoshika sheria ya jadi kwa ukamilifu, wameyaingiza matumizi ya umeme katika makatazo ya siku hiyo, ingawa wanatofautiana katika kueleza ni kwa msingi gani hasa. Kusema si kazi. Tatizo ni kwamba sauti ya msemaji ndiyo inayouendesha umeme wa kipaza sauti, hata kama kimewashwa na mtu mwingine. Dawa yake ikawa ni kukiondoa, na wenzake wa dini nyingine wakakubali kusalimu bila kipaza sauti pamoja naye. Gari liliondolewa kwa kulala karibu, na chakula kikawa cha kosheri, yaani kilichoruhusiwa na sheria ya Kiyahudi. Hakuna katazo hata moja la Sabato lililovunjwa wala kupindishwa. Ni ratiba ya kasri iliyoinama.

Ama kuhusu kumheshimu mfalme, Talmudi, kitabu kikuu cha mijadala ya marabi juu ya Mishna, ina mlango mpana kuliko wengi wanavyodhani. Imeandikwa humo kwamba mtu na afanye bidii kwenda kuwaona wafalme, hata wasio wa Israeli, na ipo baraka maalumu ya kumsifu Mungu aliyewagawia wanadamu sehemu ya utukufu wake, isomwayo mbele ya mfalme wa namna hiyo. Rabi Elazari bin Sadoki, aliyekuwa wa ukoo wa makuhani, alisimulia kwamba walikuwa wakiruka juu ya majeneza ili kuwalaki wafalme, na kuhani, kama unavyojua kutoka Mambo ya Walawi, hakaribii maiti. Wanazuoni wakafafanua kwamba kilicholegezwa pale ni uzio uliowekwa na marabi, wala si agizo la Torati yenyewe. Hapo ndipo ulipo mpaka: heshima ya mfalme inaweza kusogeza ua, lakini haigusi nguzo ya nyumba.

Sasa kanisa. Marabi wengi wa Kiorthodoksi wanakataza kuingia kanisani hata pasipo ibada, na kuingia wakati wa ibada ni kugumu zaidi, kwa kuwa sala inayoelekezwa kwa Utatu wanaihesabu, kwa upande wa Myahudi, kuwa ibada ngeni. Katazo hilo halijali siku. Lingekuwepo vilevile kama sherehe ingefanyika Jumatano. Kinachotegemewa na wanaoruhusu ni kanuni ya zamani ya watu walio karibu na serikali. Talmudi inaeleza kwamba watu wa nyumba ya Rabani Gamalieli waliruhusiwa kujifunza hekima ya Kiyunani, na Avtolmosi bin Reubeni aliruhusiwa kukata nywele kwa mtindo wa wageni, kwa sababu walikuwa wakiingia kwa watawala kuitetea jamaa yao. Kanuni hiyo ikaingia hadi katika Shulhani Aruki, mkusanyo wa sheria wa karne ya 16. Rabi Mkuu wa Uingereza hualikwa na mfalme kwa cheo chake, na kukataa kwake kungeweza kusomwa kama dharau ya jumuiya nzima. Ndiyo maana Rabi Jonathan Sacks, aliyekuwa Rabi Mkuu kabla ya Mirvis, naye alihudhuria ndoa ya Mwanamfalme William palepale Abbey mwezi Aprili 2011. Ruhusa hiyo ni ya mwenye cheo. Muumini wa kawaida aliyealikwa harusi ya jirani kanisani hawezi kuiazima.

Boniface, Kisumu

Ustadh, nakushukuru kwa ufafanuzi, lakini mimi sijaridhika. Sabato inayohitaji kupangiwa chumba cha kulala, njia ya kutembea na salamu isiyosikika imekuwa mzigo kwa wenyeji. Kwa nini Rabi asingetuma barua ya pongezi akabaki sinagogini kama yule bibi wa Mama Saumu? Na kwa nini kasri lisingechagua siku nyingine, kama ilivyokuwa mwaka 1953?

Ustadh Hamadi, Unguja

Ndugu Boniface, Jumamosi haikuwa mara ya kwanza. George V alitawazwa Alhamisi mwaka 1911 na George VI Jumatano mwaka 1937, lakini Edward VII, aliyepangiwa Alhamisi ya tarehe 26 Juni 1902, aliugua tumbo na kupasuliwa siku chache kabla, na sherehe ikaahirishwa hadi tarehe 9 Agosti, ambayo ilikuwa Jumamosi. Hilo lilikuwa swali la Rabi Mkuu Hermann Adler miaka 121 kabla ya kumfikia Mirvis. Wala si Uingereza pekee, kwani hata Kabaka Mutebi wa Buganda alitawazwa siku ya Jumamosi, tarehe 31 Julai 1993.

Kuhusu barua ya pongezi, nadhani unasahau historia. Tarehe 3 Septemba 1189, Richard I alipotawazwa Westminster, Wayahudi walikuwa wamezuiwa kuhudhuria. Wazee wao waliofika mlangoni na zawadi walipigwa na kufukuzwa, uvumi ukaenea mjini kwamba mfalme ameamuru wauawe, na usiku ule nyumba zao za London zikachomwa moto na watu wengi wakafa. Mwaka 1290 Edward I aliwafukuza wote nchini, wakaja kuruhusiwa tena katika miaka ya 1650, enzi za mtawala Oliver Cromwell. Jumuiya yenye kumbukumbu ya namna hiyo haiwezi kuuchukulia mwaliko wa kulala nyumbani kwa mfalme kama jambo dogo. Unaweza kubishana na hukumu ya Rabi, na wapo Wayahudi walioibisha, lakini kumwita mzigo kwa wenyeji si haki, maana wenyeji ndio waliojitolea.

Tena kuna jambo ambalo kwangu lina utamu wake. Mafuta aliyopakwa Mfalme yalitokana na zeituni za Mlima wa Mizeituni na yaliwekwa wakfu Yerusalemu mwezi Machi 2023, na wimbo ulioimbwa wakati wa kupakwa, ambao Handel aliutungia kutawazwa kwa mwaka 1727, unamtaja kuhani Sadoki na nabii Nathani wakimtawaza Sulemani, kama ilivyo katika Wafalme wa Kwanza, sura ya kwanza. Rabi alikuwa akisikia Maandiko ya baba zake yakiimbwa ndani ya nyumba ambayo sheria ya baba zake inamzuia kuiingia. Sijui kama kulikuwa na mtu mwingine mle ndani aliyekaa mahali pagumu namna ile.

Mama Saumu, London

Niongeze kidogo tu, kwa sababu ndugu Boniface amemtaja bibi yangu. Yeye hakuona kwamba kubaki kwake sinagogini na kwenda kwa Rabi ni mambo yanayopingana. Nilipomuuliza kama angekwenda endapo angealikwa yeye, alinijibu kwamba asingealikwa, na kwamba ndiyo faida ya kutokuwa Rabi.

Na kwa kuwa tuko kwenye jukwaa la Kiswahili, acheni niwakumbushe kwamba pete ya Mfalme ilikabidhiwa na Lord Patel, Mhindu aliyezaliwa Lindi, Tanzania, na vazi la kifalme lilikabidhiwa na Baroness Merron, ambaye ni Myahudi.

Mzee Nehemia, Musoma

Nawashukuru sana, Mama Saumu, Ustadh Hamadi, na wewe pia Boniface, kwa kuwa swali lako lilikuwa moyoni mwangu nikaogopa kuliandika.

Maneno ya Ustadh kwamba katazo la kanisa lingekuwepo hata Jumatano yamenisumbua tangu jana. Nyumbani kwa mjomba ni kilomita sita kutoka kwangu. Ningeweza kwenda Ijumaa mchana, nikalala huko, nikashika Sabato yangu chini ya mwembe wake na kumsalimia mkuu wa ukoo jioni, na hakuna amri ya Sabato ambayo ningeivunja. Nilichokuwa nakikwepa ni tambiko, na tambiko nisingeshiriki siku yoyote ya juma. Mjomba nilimwambia ni Sabato kwa sababu Sabato ilikuwa rahisi kuitaja. Kesho nitampigia simu, na asipopokea nitapanda pikipiki niende nikamweleze lililo kweli, kisha nimuombe nafasi ya kulala Ijumaa.

Swali moja limebaki kwa Mama Saumu: ile sahani ya umeme inayokaa na moto tangu Ijumaa, chakula hakiungui?

Mama Saumu, London

Huungua, mzee wangu, hasa maharage yaliyo chini. Nao huyagombania hayohayo.