Nimepata nyumba ya zamani Tabata, kiwanja kikubwa: nikarabati au nivunje?

Baba Wawili (mleta uzi): Wakuu, habari za jioni. Nimepata nyumba ya zamani Tabata, njia ya Segerea. Vyumba viwili na sebule, choo cha nje, bati limeliwa na kutu. Ila kiwanja ni mita za mraba 1,300, kina miembe mikubwa. Bei milioni 85. Fundi alikwaruza ukuta wa sebule kwa msumari, mchanga ukamwagika wenyewe, na chumvi imepanda hadi usawa wa goti. Mke anataka tuhame kabla shule hazijafunguliwa, kodi imetuchosha. Nikarabati au nivunje? Usingizi sipati, naombeni mawazo.

Fundi Zege: Chumvi ikifika goti ujue msingi ulijengwa bila nailoni ya kuzuia unyevu. Ukipiga plasta mpya, masika moja tu inabanduka. Vunja. Mbao zikiwa nzima uza, miembe iache.

Mama Kulwa: Usivunje kaka yangu. Sisi tulianzia vyumba viwili Kinyerezi, tukaishi humo huku tunajenga nyuma kidogokidogo. Leo hakuna mwenye nyumba anayetugongea mlango. Ni uvumilivu na kumtanguliza Mungu.

Kobe wa Kimara: Mimi ardhi ya Dar naiogopa tangu 2017. Shangazi alikuwa Kimara, barabara ya Morogoro ilipotaka kupanuliwa akapigwa X nyekundu ya kubomolewa ukutani. Risiti za kodi ya jengo alikuwa nazo zote kwenye mfuko wa rambo. Hakulipwa kitu. Pima umbali kutoka barabarani kwanza.

Bi Hati: Mleta uzi, mambo ya plasta baadaye. 1,300 Tabata kwa milioni 85, lazima kuna kitu. Hati ina jina la nani, ya mwaka gani, ya miaka mingapi?

Baba Wawili: Hati ipo, nimeishika mwenyewe. Ya 1988, miaka 33. Jina ni la baba wa kijana anayeniuzia.

Bi Hati: 1988 ongeza 33 ni 2021. Muda umekwisha. Na huyo mzee yuko wapi?

Baba Wawili: Alishafariki. Lakini kijana ndiye mkubwa wao, ana muhtasari wa kikao cha ukoo, wamesaini wote, na serikali ya mtaa wamegonga muhuri. Watu wangapi wamenunua hivyohivyo na wanaishi?

Mjomba wa Temeke: Hapo serikali ya mtaa walikudai asilimia 10 ya bei? Sheria ya hivyo haipo.

Bi Hati: Muhtasari wa ukoo unapendekeza mtu wa kwenda mahakamani, basi. Mahakama ikimteua kuwa msimamizi wa mirathi, jina lake linaingizwa kwenye hati kama msimamizi, ndipo auze. Kabla ya hapo anauza kisicho chake. Umeshatoa hela?

Baba Wawili: Nimetanguliza milioni 30. Ningefanyaje? Dalali alisema kuna mtu wa Kariakoo ana fedha mkononi.

Mjomba wa Temeke: Huyo mtu wa Kariakoo kanunua Dar nzima sasa.

Jicho Kavu: Hii chai. Akaunti imefunguliwa jana, ukubwa umetajwa, bei imetajwa, miembe imetajwa. Ni dalali huyu, anatangaza kiwanja chake.

Mtafutaji: Kama ni tangazo, nina milioni 70. Njoo inbox.

Mama Kulwa: Jamani, mtu ana shida.

Baba Wawili: Mimi si dalali, Mungu shahidi. Ningekuwa natangaza ningesema yule mama bado anaishi chumba cha nyuma?

Bi Hati: Mama yupi?

Baba Wawili: Mjane wa mzee. Siku tuliyokwenda alitutolea viti, akafuta vumbi kwa khanga, akamuuliza mke wangu tunataka kupanga chumba kipi. Kijana akasema mama siku hizi anasahau. Kwenye muhtasari dole gumba lake lipo.

Bi Hati: Mama hasahau, hajaambiwa. Huyo ni mrithi. Nenda kaongee naye akiwepo binti au mtoto mwingine, bila dalali. Kama kweli wote wanataka kuuza, wafungue mirathi pale Temeke, kituo cha mahakama cha mashauri ya familia. Wewe fanya upekuzi wa hati Wizara ya Ardhi, na wakili amwandikie kijana kuhusu hizo milioni 30.

Jicho Kavu: Neno la chai nalifuta. Hayo ya khanga hayatungwi.

Baba Wawili: Nashukuru dada. Jumamosi nitakwenda kwa mama na mke wangu. Ila Ijumaa kijana anasubiri awamu ya pili, nilishamwahidi. Nitampa kumi tu, asinione mbabaishaji.

Bi Hati: Ijumaa usimpe hata mia.