Sandwichi ya jibini kwenye mashine ya wafo: mkate unatoboka, jibini inavuja

Binti_Uyole
Wadau wa jikoni, habari za jioni. Nina mashine ya wafo ya umeme, ile ya duara iliyogawanyika pande nne, wati 750, meno yake marefu. Nataka kuitumia kutengeneza sandwichi za jibini za kuuza na chai asubuhi. Tosta ya kubana sina, na sioni sababu ya kununua mashine nyingine wakati hii ina moto juu na chini. Natumia mkate wa slesi wa dukani, siagi kwa nje, jibini slesi mbili nene ndani. Meno yanatoboa mkate, jibini inachuruzika hadi kwenye bawaba, na nje panakuwa peusi wakati katikati jibini bado ngumu. Naomba mwenye vipimo anisaidie: jibini ya aina gani, gramu ngapi, dakika ngapi, na mfuniko unabanwa au unaachwa? Pia jioni inachelewa sana kuliko asubuhi, sijui ni mashine au ni umeme. Natanguliza shukrani.

JikoKihesa
Kamwene dada. Kutoboka na kuvuja ni kosa moja: sandwichi yako ni nene kuliko mwanya wa mashine. Mashine ya wafo ilitengenezwa kwa uji wa unga, ambao unajipenyeza wenyewe kati ya meno. Mkate hauwezi hivyo. Pale jino la juu linapokutana na jino la chini, chochote kilichopo katikati kinasagwa. Mkate una hewa nyingi, kwa hiyo unakubali kubanwa. Jibini haina hewa. Ikibanwa inatafuta pa kutokea, na kama mkate umeshachanika inatokea hapo hapo.

Kwa hiyo anza kwa kupima mwanya. Chukua donge la unga wa chapati uliokandwa, ukubwa wa ndimu, lipake mafuta kidogo, liweke katikati ya mashine ikiwa baridi na haijachomekwa, kisha funga mpaka mfuniko ukae. Fungua, litoe taratibu, ulikate kwa kisu. Utaona sehemu nyembamba (jino kwa jino) na sehemu nene (shimo kwa shimo). Ile nyembamba ndiyo kipimo chako. Ikiwa milimita 8 au zaidi, mkate wa slesi wa kawaida utafaa. Ikiwa chini ya 5, sukuma kila slesi kwa kifimbo cha chapati mpaka ibaki nusu ya unene wake kabla ya kuweka chochote. Mkate uliosukumwa haupasuki ovyo, maana umeshabanwa sawasawa kila mahali badala ya kusubiri meno yaubane kwa vituo.

Mkate uwe wa jana. Wa leo bado una unyevu mwingi, ukibanwa unakuwa ugali na kunasa kwenye meno. Halafu mikate yetu mingi ina sukari, na sukari inaungua kabla jibini haijapata moto. Kama mashine ina kitufe cha kuchagua moto, usipite katikati. Kama haina, punguza muda na upunguze jibini.

Kiasi cha jibini kwa slesi mbili: gramu 35, iliyokwanguliwa kwa upande wa matundu makubwa. Hizo ni vijiko vikubwa vitano hivi, bila kushindilia. Slesi nene mbili kama zako zinaweza kufika gramu 60, hapo ndipo inapovuja. Itandaze ukiacha sentimita 1 pembezoni pande zote. Ikiyeyuka itasogea yenyewe kwenye ule ukingo na kuziba.

Kuhusu umbo: slesi ya mraba kwenye mashine ya duara inabaki na pembe nje, na pembe hizo haziivi. Kata sandwichi kimshazari upate pembetatu mbili, ncha zielekee katikati ya mashine. Ukishakata, jibini inaonekana upande uliokatwa, kwa hiyo bana ukingo huo kwa vidole kabla ya kuweka.

Fundi_Kabwe
Nijibu la umeme. Kipashio, yaani waya wa ndani unaotoa joto, kinategemea volti kwa mraba, kwa hiyo volti zikipungua kidogo joto linapungua sana. Wati 750 ni kwa volti 230. Jioni watu wote wanapika, na laini ikishuka hadi 190 mashine yako inatoa wati 510 tu. Hapo mkate unakaa muda mrefu, unakauka, na rangi haiji. Hiyo ndiyo tofauti ya asubuhi na jioni uliyoiona. Mashine ni nzima.

Taa ya kijani kuwaka au kuzimika kwa mara ya kwanza si ishara ya kuanza. Themostati imekaa karibu na kipashio, inapata joto kabla ya sahani yenyewe. Subiri izunguke mara mbili, yaani ikate, iwashe tena, ikate. Kwa mashine ya wati 750 ni kama dakika 7 hadi 8. Tone la maji likidondoshwa linatakiwa kurukaruka na kuisha mara moja, si kutulia na kuchemka polepole.

Kwa wanaonunua mashine za mtumba: soma kibandiko chini ya mashine. Ikiandikwa 120V, imetengenezwa kwa ajili ya soko kama la Marekani. Ukiichomeka kwenye 230 inavuta karibu mara 3.7 ya nguvu yake, na kipashio kinakatika ndani ya muda mfupi, au waya unaanza kuyeyuka kwanza. Inahitaji transfoma ya kushusha yenye uwezo zaidi ya wati za mashine. Kwa bei ya transfoma hiyo, bora mashine nyingine.

Na kwa biashara ya chai: usiweke mashine na jagi la umeme kwenye ekstensheni moja. Jagi la wati 2000 pamoja na mashine mbili za 750 ni wati 3500, zaidi ya ampea 15, na soketi ni ya ampea 13. Plagi inaanza kulainika bila wewe kuona. Kuhusu LUKU (umeme wa kulipia kabla) usiogope: dakika 4 za wati 750 ni uniti 0.05 hata kama themostati haikukata kabisa. Uniti moja inatoa sandwichi 20, ukiacha ule muda wa kupasha mwanzo. Kwa hiyo ukishapasha, oka mfululizo.

Binti_Uyole
Ndaga sana. Nimepima kwa donge la chapati, jino kwa jino ni milimita 6. Sasa kwenye jibini nabaki na swali. Kuna mama anatengeneza jibini nyumbani kwa maziwa na limau, ni nzuri na bei yake nafuu, lakini kwenye mashine haiyeyuki hata nikiacha dakika kumi. Inakauka tu kama chaki. Nakosea wapi?

Mpishi_Makambako
Hujakosea dada yangu, hiyo jibini haiyeyuki kwa asili yake. Maziwa yanapochemshwa kisha kukatwa kwa limau au siki, protini zake zinashikana kwa nguvu, na kalisi iliyokuwa inaziunganisha kwa ulegevu inaondoka na maji. Moto zaidi unakamua maji tu, protini zinakazana, ndiyo hiyo chaki. Rikota nayo iko kundi hilo. Jibini inayoyeyuka ni ile iliyogandishwa kwa kimeng'enya, yaani renneti. Ile ikipata nyuzi 60 na kitu, nyavu zake zinalegea na kutiririka.

Huku Nyanda za Juu tuna bahati. Njombe zinatengenezwa jibini za mtindo wa Kiitaliano, mozzarella na caciotta zikiwemo, huna haja ya kusubiri mzigo wa Dar. Kwa mashine ya wafo hivi ndivyo ninavyozipanga kwa ubora. Caciotta changa ni ya kwanza: inayeyuka laini, haina maji mengi, inakwanguka bila shida. Mozzarella inavutika vizuri lakini ladha yake ni pole, na ile mbichi iliyo kwenye maji ni ya kuangalia sana. Ikate vipande vya nusu sentimita, ifunge kwenye kitambaa safi, weka sahani yenye kitu kizito juu kwa nusu saa. Utashangaa maji yatakayotoka. Maji hayo yasipotoka hapo yatatokea ndani ya mashine, na mkate utalowa kutoka ndani huku nje ukiungua.

Cheda iliyokaa miezi mingi ina ladha kali nzuri, ila ikiwa peke yake inaachia mafuta. Utaona matone ya njano yanatambaa kwenye sahani na jibini inabaki na chembechembe. Changanya: gramu 20 mozzarella iliyokamuliwa na gramu 15 cheda. Ukiongeza robo kijiko cha chai cha kornfloa kwenye hizo 35 na kuzitikisa pamoja, mafuta hayatengani. Zile slesi zilizofungwa mojamoja kwenye plastiki zina chumvi za kushikilia mafuta, hazitengani kamwe, lakini zinakuwa kioevu haraka sana. Moja inatosha, na iwekwe katikati ya jibini nyingine.

Ile ya limau usiitupe. Ivuruge na pilipili hoho na kitunguu kilichokaangwa, gramu 15, iwe kiungo ndani ya gramu 20 za jibini inayoyeyuka. Inafaa sana kwa kazi hiyo.

Nyanya sasa. Nyanya za Ilula ni nzuri lakini zina maji. Toa mbegu, kata nyembamba, nyunyizia chumvi, ziache dakika 10 kwenye chujio, futa. Vipande viwili tu. Na parachichi lisiingie kwenye mashine hata kidogo, moto unalifanya chungu. Fungua sandwichi ikishaiva, paka, funga, uza.

MamaTosha_Mafinga
Niongeze kuhusu mafuta ya nje maana hapo bado hapajaguswa. Siagi ina chembe za maziwa, nazo zinaanza kuwa nyeusi karibu nyuzi 150. Sahani za wafo zinapita hapo. Ndiyo weusi anaousema Binti_Uyole, wala si mkate peke yake. Tumia samli, kijiko kimoja cha chai kwa kila upande, ipakwe kwenye mkate hadi pembeni kabisa. Usiipake kwenye mashine, maana itakimbilia kwenye mashimo na kukaanga pale tu ilipotuama. Mayonezi nayo inafanya kazi nzuri sana, kijiko kile kile: yai lake linatoa rangi sawa kila shimo. Majarini laini za kupaka zina maji mengi, mkate unapata mvuke badala ya rangi.

Mwezi wa sita na wa saba huku siagi au samli ni jiwe. Weka bakuli lake juu ya mfuniko wa mashine wakati inapasha, dakika mbili tatu inalainika. Na jibini itoke kwenye friji robo saa kabla. Jibini ya baridi ndiyo chanzo kingine cha nje kuiva na ndani kubaki ngumu.

Mfuniko: banisha na ufunge lachi (kile kifungio cha mfuniko) tangu mwanzo, mkate ushike alama vizuri.

JikoKihesa
Hapo kwenye lachi sikubaliani, mama yangu, hasa kwa mwanya wa milimita 6. Ukifunga lachi wakati mkate bado laini, meno yanachana. Shusha mfuniko ukae kwa uzito wake tu, sekunde 60. Utasikia mlio wa mafuta na kuona mvuke unatoka pembeni. Mkate ukishapata ngozi, ndipo ukandamize kwa mkono taratibu, mfuniko ushuke hadi mwisho, ushikilie sekunde 10, uachie. Ule mvuke uwe na njia. Ngozi ya mkate iliyokauka inajikunja kwenye jino, laini inatoboka. Tofauti inaonekana kwa macho: fungua moja ya kila namna na utazame chini ya kila shimo.

Jumla ni dakika 3 na nusu hadi 4 asubuhi, volti zikiwa kamili. Katikati, geuza sandwichi robo mzunguko kama mashine yako ina upande wenye moto zaidi (kwa kawaida ni wa bawaba). Alama ya kuiva: mvuke unapungua sana, na ukigusa juu kwa mwiko wa mbao panagonga, hapabonyei.

MamaTosha_Mafinga
Kwa meno marefu nakubali, mwanangu. Nilichosema kinafaa zile za umbo la moyo zenye meno mafupi, ambazo bila kubana hazitoi alama.

Binti_Uyole
Nimejaribu ya sekunde 60, hakuna tundu hata moja. Swali la mwisho: nikiziweka kwenye hotpoti kusubiri wateja zinalowa. Na jibini iliyogandia kwenye mashimo naitoaje bila kuchubua rangi nyeusi ya sahani?

Mpishi_Makambako
Hotpoti haifai, imeshika mvuke. Zikitoka kwenye mashine ziweke kwenye wavu dakika moja, na kama huna wavu panga vijiti vya mishikaki juu ya sinia uziegemeze hapo, hewa ipite chini. Zitakaa vizuri dakika 10. Baada ya hapo zirudishe kwenye mashine sekunde 40, zinakuwa ngumu tena. Bora uziandae mbichi tangu usiku, zikiwa zimefungwa kwenye friji bila mafuta, asubuhi unapaka na kuoka kwa agizo.

Jibini iliyovuja usiipanguse ikiwa laini, utaitandaza. Iache ikauke iwe kahawia, inajibandua yenyewe kwa kijiti cha mbao. Iliyobaki: chomoa mashine, ikiwa vuguvugu weka kitambaa kilicholowa na kukamuliwa kati ya sahani, funga dakika 5, kisha pitisha brashi laini ya meno kwenye kila shimo. Steelwire na kisu marufuku, na usiizamishe kwenye maji.

Fundi_Kabwe
Pangusa na pale kwenye bawaba. Waya wa kwenda sahani ya juu unapita hapo, na mafuta yakikaa yanafanya mpira wa waya uwe mgumu na kupasuka kila unapofungua. Ukiona waya umeanza kuonyesha shaba, usiichomeke tena mpaka ubadilishwe.