Tupeane uzoefu: mliorudia msimu wa tatu wa Star Trek ya zamani, ukubwani mmeuonaje?

Wakuu, salaam. Wiki ya tatu hii mguu wangu uko kwenye plasta (pikipiki, tuyaache hayo), nikaona nimalize ile Star Trek, mchezo wa televisheni wa Marekani wa chombo cha angani cha Kapteni Kirk na msaidizi wake Spock, ya 1966 hadi 1969. Misimu miwili ya mwanzo nimeirudia sijui mara ngapi. Wa tatu nilikuwa nauruka, maana tangu zamani tunaambiana kwamba ndio ulioharibu kila kitu. Safari hii nimeuangalia wote, sehemu 24.

Kwa wasiojua kisa chake: kituo cha NBC kilikuwa njiani kuufuta mchezo, mashabiki wakaandika barua kwa maelfu, na Machi 1968 kikatangaza hewani kwamba utarudi. Ukarudi kweli, ila Ijumaa saa nne usiku, saa ambayo vijana wanaoupenda wako matembezini. Bajeti ikapunguzwa. Gene Roddenberry aliyeuanzisha akajiweka pembeni, mzigo akaubeba Fred Freiberger. Halafu eti wakafungua na "Spock's Brain": Spock anaibiwa ubongo, na daktari McCoy anauendesha mwili uliobaki kwa rimoti. Akibonyeza, kidude kinalia tik, Spock anapiga hatua. Utotoni niliogopa. Juzi nimecheka mpaka ndani ya plasta kukawasha na sina pa kujikuna.

Lakini "Spectre of the Gun" imenikalisha kitako. Kirk na wenzake wanajikuta Tombstone ya 1881, mji wa bastola na farasi, na mji wenyewe ni nusu. Nyumba zina uso tu, nyuma wazi. Anga jekundu. Saa ya ukutani inaning'inia na ukuta haupo. Hela ya kujenga mji mzima haikutosha, kwa hiyo ikasemwa kwamba viumbe wa huko wameuokota vipande vipande kutoka kichwani mwa Kirk. Zamani niliuona uzembe. Sasa ile saa ndiyo inayonitisha kuliko bastola.

Haya, leteni yenu.

MJUKWAANI, BAGAMOYO
Mkuu pole na mguu. Mimi ni mtu wa maigizo ya jukwaani, na "The Empath" niliirudia kwa sababu ya kazi. Karibu yote inachezwa gizani. Hakuna ukuta, hakuna mlango, ni mwanga unaomwangukia mtu na weusi nyuma yake. Yupo mwanamke asiyesema neno toka mwanzo hadi mwisho. Akimgusa majeruhi, jeraha linahamia kwake, kisha taratibu linafifia. Yule mama anaigiza kwa vidole na shingo tu. Nilimwonyesha mwenzangu tunayecheza naye, tukarudia kile kipande cha mkono mara nne. Wiki iliyofuata tuliingia jukwaani na shuka jeusi na taa mbili za kuazima, tukaacha kulalamika kwamba hatuna mapazia.

SHANGAZI WA MUSCAT
Wanangu, mie nimekulia Unguja. Televisheni tulikuwa nayo tangu miaka ya sabini, wenzetu wa bara wakingoja hadi 1994, lakini Star Trek kwetu ilikuja kwa kanda, mjomba akizibeba kutoka huku Muscat. Tulimpenda Uhura, yule mwanamke mweusi afisa wa mawasiliano chomboni, kuliko wote. Jina lake si uhuru hilo? Na katika msimu wa kwanza lipo zimwi linalojigeuza kijana mtanashati na kumsemesha Kiswahili! Nyumba nzima ilipiga kelele. Msimu wa pili anafutiwa kumbukumbu, akikasirika Kiswahili kinamtoka.

Basi "Plato's Stepchildren", ile ya Novemba 1968 ambamo Kirk anambusu Uhura, sikuwahi kuiona nzima. Kirk anasogea, Uhura anasogea, mara vigelegele: mjomba alirikodi juu yake harusi ya binamu yangu. Miaka thelathini na kitu nimemjua bwana harusi yule kuliko busu lile.

Mwaka huu mwanangu kaniwekea kanda safi. Kumbe wenyewe hawakutaka! Wanalazimishwa na watu wenye nguvu za akili, kiwiliwili kinavutwa huku na macho yanakataa. Kabla ya hapo Uhura anasema anavyoogopa. Mie nilidhani ni mapenzi. Nilibaki kimya, mwanangu akaniuliza, "Mama, umechukia?" Sikuchukia. Nilikuwa namtazama Nichelle Nichols, aliyemwigiza Uhura, usoni. Halafu nikaikumbuka ile harusi, nikacheka peke yangu. Na Kiswahili chake katika msimu huu nimekitafuta, sikukisikia.

MTOTO WA BUYENZI
Salaam kutoka Bujumbura. Mimi nitasema moja tu, "Let That Be Your Last Battlefield" ya Januari 1969. Bele na Lokai ni mahasimu wawili wa sayari moja, kila mmoja nusu uso mweusi, nusu mweupe. Bele amemkimbiza mwenzake miaka 50,000. Kirk haoni tofauti yao, mpaka Bele amwonyeshe kwa mshangao: yeye ni mweusi upande wa kulia, Lokai ni mweupe upande huo.

Nilipokuwa na miaka kumi na miwili niliona wamepaka rangi tu, tukachezea kwa mkaa na majivu. Mwaka jana niliiangalia na binti yangu. Akasimamisha picha ili ajue nani ni nani, akaendelea, akasimamisha tena. "Baba, mbaya ni huyu wa kulia au wa kushoto?" Kwetu watu wamepimana pua na kimo, nyinyi mnajua. Walipofika kwenye sayari yao na kukuta wote wamekufa, na wao wawili bado wanakimbizana kwenye korido, picha za miji inayoungua zikipita juu yao, nilitoka kibarazani. Wanaosema sehemu hii inahubiri mno, sawa, inahubiri. Mimi sikupata nafasi ya kulalamikia mahubiri.

CHIEF WA ELDORET
Poleni wote, lakini msitufanye tusahau "The Way to Eden". Mahipi wa angani wanaimba na gitaa ndani ya chombo cha serikali, na Spock anawapigia kinanda! Nilijaribu kuirudia na bibi yangu, akaniuliza kama nimelipia. Nililipia.

MLETA MADA
Chief, kile cha Spock si kinanda, ni kinubi, na hiyo ndiyo sehemu pekee nzuri humo. Shangazi, asante, hiyo harusi ingewekwa makumbusho.

Jana usiku nimemaliza ya mwisho kabisa, "Turnabout Intruder", iliyoonyeshwa 3 Juni 1969. Hawaagani. Kirk anaingia kwenye lifti, basi. Haikufika miezi miwili Apollo 11 ikatua mwezini, na mchezo wenyewe hewani haupo.

Plasta inatolewa Alhamisi. Mwenye DVD za picha za zamani, kabla hawajabadilisha vyombo kwa kompyuta kuanzia 2006, aniambie alizipata wapi. Nataka kile chombo kinachoonekana wazi kwamba ni kidude cha kuchonga.