Naombeni ushauri: nguo za ujauzito kwa shilingi 6,000, Kisumu

PembeYaZiwa
Hamjambo wanajukwaa. Nina ujauzito wangu wa kwanza, umeingia mwezi wa tano, na nguo zangu za kazini zimeanza kunikataa moja baada ya nyingine. Nimetenga shilingi 6,000 za kunifikisha hadi siku ya kujifungua, kwa sababu fedha zilizobaki zina kazi nyingine. Juzi nilipita katika maduka ya katikati ya mji nikakuta suruali moja ya wajawazito inauzwa shilingi 2,800, nikairudisha kwenye hanga bila hata kuijaribu. Ninaomba mnieleze mnanunua wapi, mnaanza na nini, na ni kitu gani ambacho mtu anaweza kukiacha kabisa. Ningependelea nguo za rangi nzito, zenye nafasi, zinazoonekana rasmi. Tafadhali msinielekeze kwenye madera.

Shangazi_wa_Mbale
Hongera sana, mwanangu. Utaniwia radhi, lakini umelikataa jibu kabla hujalisikia. Mimi nimebeba mimba nne kwa madera matatu na leso zangu, na dera la tatu lilimalizia maisha yake likiwa pazia la jikoni. Kwa joto la Kisumu, unataka nini kingine zaidi ya pamba inayopitisha hewa? Jambo ninalokuomba ulishike ni kwamba usinunue kila kitu sasa. Mwezi wa tano tumbo halijatangaza nia yake, na kifua nacho kitaongezeka kwa namna ambayo hakuna anayekuonya. Nunua mbili leo, nyingine ununue mwezi wa saba, na zote ziwe na vifungo mbele ili uzitumie wakati wa kunyonyesha, maana nguo ya miezi minne tu ni hasara hata ikiuzwa kwa mia mbili.

Fundi_Obunga
Dada, suruali unazo tayari kabatini. Fundi huondoa mkanda wa kiunoni na zipu, hukata sehemu ya mbele ya juu kwa mviringo chini ya mahali tumbo linapoanzia, kisha hushonea pale kitambaa cha fulana chenye mvutano, kilichokunjwa mara mbili. Ukitumia lastiki nyembamba peke yake itakukata ngozi jioni. Sketi ndiyo rahisi zaidi, kwa kuwa hufunguliwa mishono ya pembeni tu, mradi aliyeishona mwanzoni aliacha kitambaa cha akiba ndani. Kazi hiyo ninaifanya kwa shilingi 250, unaweza kunitumia ujumbe.

NakuruKwetu
Sisi huku Nakuru tuna baridi ya asubuhi, kwa hiyo mke wangu alimaliza ujauzito wake ndani ya masweta yangu na mashati yangu, na siku ya harusi ya binamu yangu nililitafuta shati langu la bluu nyumba nzima, kumbe limeshakaa gari la mbele likiwa limembeba yeye na mtoto. Lakini nijibu swali. Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili mapema, wakati marobota ya mitumba yanafunguliwa, kwa sababu zile bora, ambazo wauzaji huziita kamera, hazimalizi saa mbili mezani, na ukienda jioni utakuta fagia peke yake, yaani mabaki. Usiulize nguo za wajawazito, kwani ukishauliza bei imepanda. Geuza kiuno cha suruali utazame ndani; zile zenye kitambaa laini kipana cha kuvutika, au lebo ya H&M yenye neno MAMA, mara nyingi hutupwa katika rundo la mia moja kwa sababu wateja wengine huziona kama zina kasoro.

Mwalimu_Mstaafu
Nimesoma kwa masikitiko. Mama zetu walijifungua watoto kumi na hakuna aliyesikia habari ya suruali ya ujauzito. Baba yangu alifanya kazi KICOMI, kiwanda cha nguo za pamba kilichokuwa hapa hapa Kisumu, na mwisho wa mwaka alileta nyumbani kitambaa ambacho mama alikikata gauni moja pana lenye mikunjo kifuani, akalivaa shambani, kanisani na kliniki. Kiwanda kilifungwa, nasi tukabaki kusubiri nguo zilizovuliwa na watu wa Ulaya. Kijana wa leo anapolia kwamba 6,000 hazitoshi, ajiulize anamvalia nani.

Shangazi_wa_Mbale
Mwalimu, shikamoo, lakini gauni hilo alilifua nani kila usiku? Tumwache binti apate msaada.

Mkunga_Kakamega
Nimesubiri mtu aulize, naona kila mtu ana haraka ya kusimulia. PembeYaZiwa, unaishi mji wenye joto, hutaki dera, unataka rangi nzito, nafasi kubwa na sura ya ofisi. Mjamzito anayetafuta raha haombi hivyo. Je, kazini wanajua?

PembeYaZiwa
Ninawashukuru nyote, hasa kwa habari ya Kibuye. Swali la mwisho sidhani lina uhusiano mkubwa na nguo.

Mkunga_Kakamega
Lina uhusiano kuliko yote, dada. Kuna nguo za kumpa tumbo nafasi na kuna nguo za kulificha, na bei zake hazilingani.

PembeYaZiwa
Basi, nitasema. Hawajui. Niko mapokezi katika ofisi ambayo sitaitaja, kwa mkataba wa mwaka mmoja unaokwisha baada ya wiki chache, na mwenzangu aliyekuwa na tumbo wakati wa kusaini upya aliambiwa kwamba nafasi yake inafikiriwa, na hadi leo inafikiriwa. Ninachotaka ni kufika siku ya kusaini nikiwa naonekana nimenenepa tu. Tayari nimemlipa fundi mmoja wa mjini shilingi 2,500 kati ya 4,000 ili anishonee koti refu la rangi ya bluu nzito, lenye mkunjo mgongoni na mabega mapana, na nimenunua mkanda wa kubana tumbo kwa shilingi 1,200, ambao ninauvaa kuanzia asubuhi hadi saa tisa. Ninajua mtakachosema. Lakini koti nitalivaa hata baada ya kujifungua, na mkanda aliyeniuzia alinihakikishia kwamba ni wa wajawazito. Kila mmoja wenu anayeniambia nivae dera hajawahi kukaa mezani ambapo kila mgeni anaanza kumtazama tumboni.

Mkunga_Kakamega
Asante kwa kusema. Mkanda wa wajawazito hukaa chini ya tumbo na kulinyanyua ili mgongo na nyonga zipumzike. Hauligandamizi kutoka mbele. Ukiuvaa na ukaona tumbo limekuwa bapa, huo si wenyewe, hata kama boksi lina picha ya mama mjamzito. Utakupa kiungulia, utakufupishia pumzi, na ndani ya koti zito utakuwa unatoka jasho hadi kizunguzungu. Uvue leo. Na ukiona uso na mikono imevimba ghafla pamoja na kichwa kuuma sana au macho kuona vimulimuli, usiseme ni nguo inayobana, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo upimwe shinikizo la damu.

Sheria_Mtaani
Nami niongeze kidogo kwa kuwa hapa ndipo fedha zako zinapopotelea. Kifungu cha 46 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinasema ujauzito si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi, kifungu cha 29 kinatoa likizo ya uzazi ya miezi mitatu yenye mshahara kamili, na kifungu cha 27 cha Katiba kinataja ujauzito waziwazi miongoni mwa mambo ambayo mtu hapaswi kubaguliwa kwayo. Sikudanganyi kwamba mambo ni mepesi, kwa sababu mkataba wa muda ukifika mwisho mwajiri anaweza kusema tu kwamba umekwisha. Lakini mtu aliyetoa taarifa ya maandishi, akabaki na nakala yenye tarehe na saini ya aliyeipokea, ana kitu cha kushika mkononi. Aliyevaa koti hana.

Macho_Manne
Samahani, wanajukwaa, mimi hesabu zinanisumbua. Koti 4,000, mkanda 1,200, jumla 5,200. Kwa hiyo aliyekuja hapa na bajeti ya 6,000 alikuwa na 800 tu, akazunguka akitazama suruali za 2,800. Halafu akaunti ya Fundi_Obunga imefunguliwa leo asubuhi, dakika chache kabla ya jibu lake, na bei imo ndani. Nimeona mchezo huu mara nyingi: mmoja analia, mwingine anauza. Hakuna mimba hapa, kuna cherehani.

NakuruKwetu
Hata mimi nilishangaa. Nani anavaa koti Kisumu?

Mwalimu_Mstaafu
Nilijua. Ndiyo maana nilizungumza kwa ukali.

Fundi_Obunga
Nimejiunga leo kwa sababu mke wangu alinionyesha uzi huu akaniambia nijibu. Kama mnanidharau, msilete suruali. Kazi ninayo.

PembeYaZiwa
Simjui fundi huyo, na kama ningekuwa nauza nguo ningechagua hadithi isiyoniaibisha. Macho_Manne, hesabu yako ni sahihi: nilitaja 6,000 kwa sababu ndizo nilizotenga, na sikutaka kusikia mapema kwamba nimezila. Unataka ushahidi upi? Koti nimelijaribu Ijumaa kwa fundi, bado halijaisha, na kifungo cha tatu kutoka juu hakifikii tundu lake, na hadi liishe, mgeni akiingia ninainuka nikiwa nimekumbatia faili la wageni. Feni iliyo karibu nami nimeielekeza kwangu kiasi kwamba karatasi za mwenzangu zinaruka. Hata mama anayetuletea chai ameacha kuniletea chai. Wiki hii ananiwekea uji wa wimbi bila kuulizwa, na anasimama hadi ninywe.

Shangazi_wa_Mbale
Mwanangu, kama mama wa chai anakuletea uji, ofisi nzima inajua hadi mlinzi wa lango. Unalipia koti la kumficha mtu ambaye ameshaonekana.

Sheria_Mtaani
Basi hapo barua haina cha kupoteza. Iandike kabla ya siku ya kusaini, si baada yake.

PembeYaZiwa
Sijasema nitaandika. Bosi huwa hanywi chai ya ofisi, hivyo huenda yeye bado hajui. Lakini mkanda nimeuvua nikiwa nasoma majibu haya, na kwa kweli nimepumua. Sasa naomba mrudi kwenye 800 zangu, kwa kuwa hizo ndizo halisi.

Mkunga_Kakamega
Kwanza fundi wa mjini hajamaliza koti. Mwambie asimamishe, usiongeze zile 1,500, umuombe akate kitambaa kilekile kiwe gauni lisilo na mikono, pana kuanzia chini ya kifua, ambalo utavaa juu ya blauzi zako za sasa. Ni rasmi, na halichemshi mtu.

Fundi_Obunga
Kitambaa cha koti refu kinatosha gauni hilo na kinabaki. Amwambie aache inchi mbili kila upande ndani ya mshono. Sitaki malipo kwa ushauri huo, Macho_Manne asome vizuri.

Shangazi_wa_Mbale
Na 800 zako ziende Kibuye Jumapili kwa suruali mbili zenye kiuno cha kuvutika na shati moja kubwa la kiume la pamba. Ukibakiwa na chochote ununue sidiria ya saizi ya juu, maana hiyo hakuna fundi atakayekurekebishia.

PembeYaZiwa
Fundi hapokei simu. Nitapita kwake kesho mchana. Kama ameshaunganisha mikono ya koti je?

NakuruKwetu
Kama ameshaunganisha, niambie saizi. Mke wangu ana mabega mapana, na huku leo asubuhi tumeamka na ukungu.